Bustani ya Pamoja Huanza Mvua Zikiisha



Kila masika yakikaribia husikika shauri la kulima bustani ya pamoja. Shauri ni jema. Mkarafuu haulishi nyumba kila mwaka: ukizaa sana mwaka huu, mwakani aghalabu hupumzika, lakini tumbo halipumziki, wala duka halituuzii mchele kwa kutuonea huruma. Lakini bustani za namna hii hufa upesi, na sababu moja ni kuwa watu hushika jembe mvua zikianza, katika ardhi ambayo haikutayarishwa.

Wako wenzetu wa bara waanzao kinyume, yaani mvua zikielekea kwisha. Nao ni Wafipa, na yafaa tutazame kazi yao.

Kaengesa iko katika Wilaya ya Sumbawanga, Mkoa wa Rukwa, juu ya uwanda wa Ufipa ulioinuka zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mvua za huko ni za msimu mmoja, tangu Novemba mpaka Aprili, kisha huja kiangazi kikavu. Nyasi ni nyingi na miti ni michache. Wabemba wa Zambia, wenye misitu, tangu zamani hukata matawi, wakayachoma na kupanda katika majivu. Mfipa hakuwa na matawi ya kutosha kuchoma. Basi aligeukia nyasi, akazifanya mbolea.

Kazi yenyewe ni hii. Ardhi ingali laini na nyasi zingali mbichi, mkulima huzing'oa pamoja na udongo wa juu, akazipindua na kuzikusanya chungu, kisha akazifunika udongo pande zote. Hupatikana tuta la mviringo, mfano wa kichuguu, liitwalo intumba. Juu yake hupandwa maharage. Mvua za msimu wa pili zikifika, nyasi zimekwisha oza; tuta huvunjwa, udongo ukatandazwa, ukapandwa ulezi. Siku hizi wengi huko hutumia plau ya ng'ombe na mbolea ya dukani, lakini maarifa haya yangali na faida kwa mtu asiye na ng'ombe wala fedha ya mbolea.

Mwanachama atauliza: kwa nini maharage kwanza? Nyasi zinapooza, vijidudu viziozeshavyo huitumia naitrojeni iliyomo ardhini, na kwa muda mimea hukosa chakula. Mchicha ukipandwa hapo mapema hugeuka manjano. Maharage na kunde huvumilia, maana mizizi yao ina vinundu vyenye vijidudu vivutavyo naitrojeni kutoka hewani. Nyasi zikiisha kuoza, chakula kile hurudi ardhini, na ndipo mboga za majani zinapostawi.

Sasa, tufanyeje visiwani kwetu?

Kwanza, mahali. Msichimbe chini ya mkarafuu ulio hai, kwani mizizi yake mingi i karibu na uso wa ardhi. Tumieni mapengo ya mikarafuu iliyokwisha kufa, au konde lililolala. Penye mteremko, matuta yakate mteremko. Yasifuate njia ya maji.

Pili, ruhusa. Kwetu mti waweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi ikashikwa na mwingine, na kuna eka zilizogawiwa baada ya 1964. Basi kabla ya jembe la kwanza, mapatano na mwenye ardhi na mwenye miti yaandikwe mbele ya Sheha: ni kwa miaka mingapi, na mavuno ni ya nani. Udongo ukiisha kunona, kila mtu huutamani.

Tatu, wakati. Pindueni nyasi mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni, masika yanapopungua. Pandeni kunde au choroko papo hapo. Mvua za mchoo zitasaidia. Uchumaji wa karafuu ukianza, hapatikani mtu wa kulima. Lakini tuta huoza lenyewe sisi tukiwa juu ya mikarafuu. Septemba vunjeni matuta, na vuli ikifika pandeni mchicha, bamia, bilingani na tungule.

Nne, nyasi. Zikatwe mbichi kabla hazijatoa mbegu. Ukoka na ndago visizikwe vibichi, kwani huota tena. Vianikwe juani mpaka vife kabisa. Wala msichome takataka za shamba: moto huacha majivu, lakini naitrojeni huenda na moshi.

Tano, watu. Hapa ndipo penye hatari kubwa. Desturi ya Ufipa ilikuwa kuwaita majirani walime pamoja, na mwenye shamba huwaandalia pombe ya ulezi. Lakini shamba lilibaki lake, na siku nyingine yeye naye alikwenda kwa wenzake. Sisi uji na chai vyatosha. Kumbukeni pia kuwa katika vijiji vya ujamaa, baada ya Azimio la Arusha la 1967, shamba la wote mara nyingi lilipata palizi kidogo kuliko shamba la nyumbani. Kwa hiyo kupindua nyasi, kisima, uzio na kitalu viwe kazi ya wote. Lakini matuta yagawiwe, kila nyumba na yake. Asiyepalilia ataonekana kwa majani yake, na hatavuna jasho la mwenziwe.

Watu 10 wenye majembe 10 wanatosha kuanza, na sehemu ndogo yatosha kwa mwaka wa kwanza. Kila tawi lizungumze jambo hili kabla ya masika kwisha, lichague mahali na kuandika majina ya walio tayari. Tukingoja vuli ianze ndipo tushike jembe, tutakuwa tumechelewa tena.