Kutafuta Hazina kwa Dira: Somo la Jiografia Nje ya Darasa

Mwezi Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi ishara za satelaiti zake za kuonyeshea mahali. Tarehe 3 ya mwezi huo Dave Ulmer alificha ndoo msituni karibu na Portland, akatangaza vipimo vya mahali ilipo, na watu wakaenda kuitafuta. Mchezo huo, tukiuondolea vyombo vyake vya gharama, wafaa sana katika shule zetu za msingi.

Mtoto wa Songea aghalabu huweza kuchora ramani ya Afrika, na hali hajui kwamba Mto Ruvuma waanzia katika milima ya Matogoro aionayo kila asubuhi. Kwake ramani ni picha ya kunakili tu.

Yahitajiwa dira moja kwa kila kundi na makopo machache yenye vifuniko. Kwanza kila mwanafunzi atembee mita 100 akihesabu hatua zake. Kisha apewe agizo: toka mlangoni, elekea nyuzi 120, mita 200. Akikosea nyuzi 5 tu, atafika kando ya kopo kwa mita 17 hivi. Hapo ndipo pembe za ubao mweusi zinapoanza kuwa na maana.

Makopo yafichwe penye jambo la kujifunza. Sisi twapendelea zizi la ng'ombe wa maziwa na kichaka cha mianzi ya ulanzi, kwa ruhusa ya wenyewe. Ndani ya kopo iwemo karatasi ya swali. Zizini: ng'ombe huyu hutoa lita ngapi asubuhi, na ngapi jioni? Mianzini: kwa nini chipukizi hugemwa majira ya mvua? Maziwa na ulanzi vyote hubadilika vyenyewe kwa kazi ya vijidudu. Katika maziwa huzalishwa asidi, katika ulanzi hamira huzalisha kileo. Wako walimu wasiotaka watoto wafike penye pombe. Twaona mtoto aupitiaye ugemaji huo kila siku anastahili kuelezwa, ila kuonja ni marufuku kabisa.

Mchezo usigeuzwe mbio. Mwenye mguu mwepesi atalifikia kopo, naye mwenzake, ambaye pengine ndiye aliyeisoma dira sawasawa, atabaki nyuma bila sifa. Alama zitolewe kwa daftari la vipimo, na makopo yote yakusanywe kabla ya ng'ombe kurudi malishoni.