Kisu butu ni hatari kuliko kikali

NYUMBA nyingi za mjini zina visu vitatu au vinne jikoni, na aghalabu hakuna hata kimoja kinachoweza kukata nyanya bila kuiponda. Wako wanaoona heri iwe hivyo, kwa kuamini kwamba kisu kikali ndicho kinachowakata watu, hasa watoto wanaosaidia kupika. Imani hiyo haina msingi.

Kisu chenye makali huzama katika kitunguu kwa uzito mdogo wa mkono na hufuata njia kinakoelekezwa. Kisu butu hudai nguvu. Mpishi hukandamiza, kisu huteleza juu ya ganda, na nguvu yote ile huishia kwenye kidole kilichoshika kitunguu. Kwa hiyo, kunoa kisu ni jambo la usalama kabla ya kuwa jambo la urahisi.

Kabla ya kununua kifaa chochote, ni vema kufahamu kinachoharibika. Makali ni mahali ambapo pande mbili za chuma hukutana na kuwa nyembamba mno. Kisu kinapotumika, ukingo huo kwanza hupinda, kisha hulika. Uliopinda hunyooshwa, uliolika hauna budi kunolewa upya.

Kazi ya kunyoosha hufanywa na kile chuma kirefu cha mviringo chenye mpini, ambacho wauza nyama hupitishia visu vyao mara kwa mara. Wengi hudhani chuma hicho kinanoa. La hasha, kwa sehemu kubwa hurejesha tu ukingo mahali pake, na kisu kilichokwisha kuwa butu kabisa hakitafufuka kwacho.

Kwa kunoa hasa, chombo kinachofaa zaidi nyumbani ni kinoo. Vinoo hutofautiana kwa ukubwa wa chembe, na ukubwa huo huonyeshwa kwa namba: namba ikiwa kubwa, chembe ni ndogo. Kinoo cha namba 200 hadi 400 ni cha kisu chenye mapengo. Cha 1000 hutosha kwa kisu cha kawaida cha jikoni. Cha 3000 na kuendelea ni cha kulainisha makali. Vinoo vingi katika maduka ya vifaa vya ujenzi havina namba, bali vina upande wa kukwaruza na upande laini. Hivyo navyo vinafaa. Asiyekuwa na kinoo aweza kugandisha karatasi ya msasa ya namba 400, na baadaye ya 1000, juu ya ubao ulionyooka.

Kinoo kiwekwe juu ya kitambaa kibichi kisiteleze, kisha kiloweshwe maji. Kilichokwisha kuzoeshwa mafuta kiendelee kwa mafuta, kwa kuwa maji hayatapenya tena vizuri.

Jambo gumu ni pembe. Kisu cha kawaida hunolewa kwa nyuzi 20 hivi kila upande. Mtu hahitaji kifaa cha kupimia: akunje kona ya karatasi katikati, kisha aikunje tena katikati, atapata nyuzi 22 na nusu, ambazo zinakaribia kabisa. Njia nyingine ni kuinua mgongo wa kisu kwa kiasi cha theluthi moja ya upana wake. Kisu chenye upana wa sentimita 4.5 kiinuliwe sentimita 1.5.

Kisu kipitishwe kutoka karibu na mpini hadi ncha, bila kubadili pembe, mpaka ukwaruzo mwembamba wa chuma usikike kwa kidole upande wa pili. Kidole kipapase kutoka mgongoni kuelekea nje, kamwe kisifuate urefu wa makali. Ukwaruzo huo ni ishara kwamba chuma kimenoleka hadi ukingoni. Hapo ndipo kisu kigeuzwe, kisha yote yarudiwe kwenye upande laini wa kinoo. Kisu kikiweza kukata karatasi bila kuichana, kazi imekwisha.

Na vipi kuhusu mafundi wanaopita mitaani na baiskeli, wakizungusha jiwe kwa miguu? Msaada wao ni mkubwa kwa panga, shoka na kisu kilichovunjika ncha. Lakini jiwe linalozunguka hula chuma haraka na hukipasha moto. Ukingo ukigeuka rangi ya buluu, ugumu wa chuma umepotea, na makali yake hayatadumu. Mwenye kisu amwombe fundi akandamize kidogo na akichovye kisu majini kila baada ya muda mfupi.

Vile vifaa vidogo ambavyo kisu huvutwa katikati yake ni vya haraka, ila vingi hukwangua chuma badala ya kukinoa. Sakafu ya saruji, kimbilio la wengi, ina chembe zisizolingana na huacha makali yenye mikwaruzo. Kisu cha mkate chenye meno hakifai kwa njia yoyote kati ya hizi. Kila jino huhitaji tupa ndogo ya mviringo.

Hatimaye, makali hulindwa kuliko yanavyonolewa. Kisu kikatie juu ya ubao au plastiki, si juu ya sahani wala vigae. Kisitupwe katika droo pamoja na vijiko, bali kioshwe, kifutwe na kuwekwa peke yake, mbali na mikono ya watoto wadogo. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Huenda pia ndiye atakayebaki na vidole vyake vyote.