Ukuta Uliovaa Nguo ya Mama

Njoo ukae hapa, mpwa wangu. Leo Mjomba anakupeleka mbali, hadi Guatemala, Amerika ya Kati. Huko kuna ziwa liitwalo Atitlán, na volkano tatu zinalichungulia. Kando ya ziwa kuna kijiji, Santa Catarina Palopó. Wenyeji wake ni Wamaya wa kabila la Kaqchikel. Na katika kijiji hicho, kuta zinavaa nguo.

“Mjomba, ukuta unavaaje nguo?”

Swali zuri hilo! Hebu ukuta wenyewe ukujibu.

“Mimi ni ukuta. Zamani nilikuwa kijivu, saruji tupu. Nilimtazama mama wa nyumba hii akifuma. Nyuzi alizifunga nguzoni upande mmoja. Upande wa pili alizifunga kwenye mkanda uliozunguka kiuno chake. Akiegemea nyuma, nyuzi zinakaza. Akiinama mbele, zinalegea. Alikuwa akifuma huipil, blauzi ya wanawake wa hapa. Hapo kale huipil yetu ilikuwa na wekundu mwingi, siku hizi imejaa buluu. Nilitazama, nikatamani. Nikatazama tena, nikatamani tena.

“Kisha, miaka ya 2010 ikielekea ukingoni, watu wakaja na ndoo za rangi. Familia yangu ikachagua picha. Jirani naye akachagua zake. Huyu hindi, yule kipepeo, yule ndege quetzal. Zote zimetoka kwenye nguo za akina mama. Nami nikavaa!”

Umesikia? Mamia ya nyumba sasa zimepakwa hivyo. Hebu tazama picha hii ya ukuta mmoja.

“Lakini Mjomba, mbona mabawa ya ndege yana pembe-pembe? Brashi si inaweza kupinda?”

Aa, mpwa wangu, una macho! Wakubwa wengi hupita pale wasilione hilo. Umewahi kumtazama bibi akisuka mkeka? Ukindu mmoja juu, mmoja chini, mmoja juu, mmoja chini. Na nguo ndivyo ilivyo. Nyuzi zilizotandazwa kwa urefu ni mtande. Uzi unaopita katikati yake kwa upana ni mshindio. Uzi unakwenda kwa urefu au kwa upana tu. Ukitaka bawa la ndege, lazima upige hatua moja pembeni, moja juu, moja pembeni, moja juu. Ndiyo maana bawa linatoka na pembe.

Brashi ingeweza kupinda itakavyo. Kwenye kuta zile, brashi inautii uzi. Kwangu mimi, huo ndio uzuri mkubwa wa kazi ile: mchoraji amekubali kufundishwa na mfumaji.

“Na huipil zenyewe, Mjomba, bado zinafumwa?”

Bado! Wageni huja kutazama kuta, na akina mama huwauzia nguo walizofuma kwa mikono yao.

Sasa chukua daftari la hesabu, lile lenye miraba midogo. Chora ndege kwa kujaza miraba tu, usipinde mstari hata mmoja. Ukimaliza, mpelekee bibi, umuulize yeye angempa rangi gani.