Hewa ya Chumba na Uhai wa Vitu vya Kale

Jina la Jangwani, jijini Dar es Salaam, humfanya mgeni afikirie nchi kavu. Kinyume chake, bonde la Msimbazi lipitalo hapo hufurika wakati wa masika, na hewa hujaa unyevu. Mpiga ngoma hulijua jambo hili bila ya kusoma fizikia: ngozi inapolegea, huisogeza ngoma karibu na moto hadi ikaze.

Katika Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1940 katika jiji hilohilo, ngoma ya kale haiwezi kutendewa hivyo. Ngozi ikilegea na kukaza mara kwa mara, nyuzi zake huchoka. Mti nao huvimba na kusinyaa, mwishowe hupasuka. Fuvu la Zinjanthropus, lililogunduliwa na Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, limedumu kwa miaka 1,750,000 hivi kwa kuwa mfupa wake uligeuka jiwe. Lakini nguo, karatasi au kinyago chaweza kuharibiwa na kuvu katika msimu mmoja wa mvua.

Kipimo kinachohusika ni unyevu nisbia, yaani kiasi cha mvuke uliomo hewani kikilinganishwa na kiasi kikubwa kabisa kinachoweza kuwamo katika halijoto ileile. Katika nyuzi 30 za Selsiasi, meta moja ya ujazo yaweza kuwa na gramu 30 hivi za mvuke. Katika nyuzi 20, gramu 17 tu. Basi hewa yenye gramu 17, ikiwa katika nyuzi 30, ina unyevu nisbia wa asilimia 57 hivi. Ikipozwa hadi nyuzi 20 pasipo kuondolewa mvuke, hufikia asilimia 100, na umande huanza kutokea. Kuvu huota kwa urahisi unyevu ukizidi asilimia 70 kwa siku nyingi.

Kwa hiyo yafaa ieleweke kwamba kupoza chumba peke yake si kuhifadhi. Mtambo wa kupoza ukizimwa jioni, hewa ya nje huingia, hugusa vitu ambavyo bado ni baridi, na kuacha maji juu yake. Ndiyo sababu mhifadhi hupima mfululizo, usiku na mchana. Mwaka 1783 Horace-Bénédict de Saussure wa Geneva alieleza chombo kitumiacho unywele wa binadamu, ambao hurefuka unyevu unapoongezeka. Siku hizi vyombo vya kielektroniki huandika vipimo kila baada ya dakika chache.

Wanafunzi waweza kuanzia katika maktaba ya shule. Chukueni vipimajoto viwili. Kimoja kifungeni kitambaa chenye maji safi chini yake, kisha vipepeeni vyote. Tofauti ya vipimo ikiwa ndogo, hewa ina unyevu mwingi. Pimeni asubuhi, adhuhuri na jioni kwa wiki mbili, mchore grafu, halafu mkague majalada ya vitabu.

Kitabu cha shule chaweza kuchapwa tena. Ngoma iliyochongwa na fundi aliyekwisha kufariki haina nakala.