Mpira wa mkojo na bakteria wasiosikia dawa

Mgonjwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga, kidonda kinakwenda vizuri, halafu siku ya tano homa inapanda. Kila mtu anaangalia mshono. Ni vyema pia kuutazama ule mfuko wa plastiki unaoning'inia ubavuni mwa kitanda.

Kibofu kina ujanja wake wa kujilinda: kila mtu anapokojoa, bakteria waliopanda huoshwa wakatoka. Mpira wa mkojo huukatiza ujanja huo. Kila siku unayolala nao, uwezekano wa kuota bakteria kwenye mkojo ni takriban asilimia 3 hadi 7. Mwezi ukitimia, karibu kila mgonjwa anao. Bakteria hao hung'ang'ania ukuta wa mpira na kujifunika ute, kama utelezi wa ndoo ya maji isiyosuguliwa, na dawa hupenya kwa shida.

Wanaoongoza ni E. coli, na wodini Klebsiella naye hayuko mbali. Baadhi yao hutengeneza vimeng'enya vya ESBL, vinavyoikatakata seftriaksoni kabla haijafanya kazi. Hiyo ndiyo sindano ambayo wodi nyingi huikimbilia homa ikipanda tu. Siri ya kutengeneza vimeng'enya hivyo imo katika vipande vya DNA viitwavyo plazimidi, na bakteria hugawiana vipande hivyo hata wasipokuwa wa aina moja. Mara nyingi kipande kimoja hubeba usugu wa dawa kadhaa, hivyo kubadilisha dawa kwa kubahatisha hakusaidii. Daktari hubaki na meropenemu, ambayo ni ghali na hupitia kwenye mshipa. Nayo tayari kuna bakteria wanaoishinda.

Watafiti wa mradi wa HATUA waliotesha mikojo ya maelfu ya watu wenye dalili za maambukizi ya njia ya mkojo (UTI) nchini Kenya, Tanzania na Uganda. Sehemu kubwa ya bakteria waliopatikana walikuwa sugu kwa makundi matatu ya dawa au zaidi. Lakini kinachonishtua mimi ni kingine: ni takriban theluthi moja tu ya watu hao waliothibitika kuwa na maambukizi. Hao wengine, wangepewa antibiotiki kwa dalili peke yake, wangezimeza bure.

Kwa mwenye mpira, kosa hilo ni jepesi zaidi kutokea. Bakteria kuonekana kwenye mkojo wake si ugonjwa. Kama hana homa wala maumivu, kwa kawaida hatibiwi, isipokuwa mjamzito au anayesubiri upasuaji wa njia ya mkojo. Dawa hapo huua bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi walio sugu.

Homa ikiwepo, mkojo uoteshwe kabla ya dozi ya kwanza, ingawa majibu huchukua siku mbili tatu. Usichotwe kwenye mfuko, maana humo bakteria wamekwisha kuzaliana kwa saa nyingi. Mpira uliokaa zaidi ya wiki mbili hutolewa kwanza. Kama bado unahitajika, huwekwa mpya, na sampuli huchukuliwa kwenye huo mpya.