LORI LANGU LA RIMOTI NA MATUTA YA VOI

Wengi wenu mmeniona nyuma ya nyumba za mtaa wa Sofia siku za Jumamosi, nimeinama kwenye vumbi jekundu na bisibisi mkononi, mkaniuliza kama sina kazi. Kazi ninayo, na leo nitawaeleza ni kazi gani.

Kaka yangu ni dereva huko Doha. Mwezi wa Mei mwaka juzi alimpa rafiki yake aliyekuja likizo mzigo wangu: lori la rimoti, la umeme, ambalo ni sehemu moja ya kumi ya gari la kweli. Lina springi nne, na ndani ya kila springi mna shokomzoba yenye mafuta, kama gari kubwa kabisa. Siku ya kwanza nililikimbiza kwenye njia yetu ya murramu. Loo! Liliruka ruka kama mwanambuzi, likagonga jiwe, likabingirika mara tatu, na mkono unaoshika gurudumu la mbele ukavunjika kwa! Jumapili kaka akapiga simu. "Linakimbia?" Nikamjibu, "Linakimbia sana." Basi kila Jumapili akawa anauliza, nami nikawa naongeza chumvi, ilhali lori lenyewe limelala chini ya kitanda. Akasema Desemba ya mwaka uliofuata atakuja alione.

Nililipeleka kwa fundi mmoja wa matatu hapa mjini. Hakulicheka. Aliniita kwenye matatu iliyokuwa pale, akakandamiza kona ya nyuma kwa mikono miwili kisha akaiachilia. Ikapanda, ikashuka, ikatulia. "Hii shoki ni nzima," akasema. Akafanya vivyo hivyo kwa lori langu kwa kidole kimoja. Likapanda, likashuka, likapanda, likashuka. "Hii imekufa. Mafuta yamevuja yote."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba springi na shokomzoba ni vitu viwili vyenye kazi mbili. Springi hubeba uzito, na gurudumu likipanda tuta, hujikunja na kuhifadhi ile nguvu. Lakini springi haijui kunyamaza. Itairudisha nguvu yote, gari lirushwe juu. Shokomzoba ndiyo huinyamazisha. Ndani yake mna pistoni yenye vitundu vidogo, na ili isogee ni lazima mafuta yapenye humo. Mafuta mepesi hupita upesi, mazito hupita polepole. Nguvu inayopotea hugeuka kuwa joto, jambo ambalo tulisoma katika Fizikia bila mtu kutuambia linafaa nini.

Nikadhani nimemaliza elimu. Nikachukua mafuta ya cherehani ya mama, nikajaza zote nne. Kwa siku chache lori lilitulia kama bibi harusi. Kisha likaanza kukwama, halafu likavuja tena. Kumbe mle ndani mna vipete vya mpira wa silikoni, na mafuta ya mashine huvivimbisha. Yanayotakiwa ni mafuta ya silikoni. Niliosha matatu steji wikendi kadhaa hadi nikapata pesa za kuagiza Nairobi chupa mbili, vipete vipya na mkono wa gurudumu. Mama naye alinidai mafuta yake.

Chupa hizo zina namba. Yangu moja ni 30 na nyingine ni 40, na kadiri namba inavyopanda ndivyo mafuta yanavyozidi kuwa mazito. Nilianza na 40 nikidhani uzito ni nguvu. Kwenye mruko mmoja mkubwa lilitua vizuri ajabu. Lakini njia yetu ina yale matuta madogo madogo yaliyofuatana kama mikunjo ya bati, na pale gurudumu halikuwahi kushuka kabla ya tuta la pili kufika. Likawa linapita hewani juu ya vichwa vya matuta. Gurudumu lililo hewani halikati kona wala halifungi breki, hata ungekuwa na rimoti ya dhahabu. Nikaweka 30, likaanza kuufuata udongo.

Springi nazo vivyo hivyo. Laini sana, lori hulalia upande kwenye kona na kupinduka. Ngumu sana, hurukaruka. Ukiweka ngumu nyuma peke yake, mkia huteleza kwenye kona. Wenye mbwembwe huupenda mchezo huo, mimi ulinigharimu mkono wa pili. Mwishowe niliweka springi za wastani, nikainua tumbo la lori mpaka mikono ya magurudumu ikalala sambamba na meza. Tena kuna matundu ya kufungia ncha ya juu ya shokomzoba: ukiisimamisha wima inakuwa ngumu, ukiiinamisha ndani inalainika.

Msione haya ni mambo ya watoto. Mbio za Safari, zilizoanza 1953, zilikuwa zikipita milima yetu ya Taita na nyika ya Taru, na magari yalikuja yameinuliwa matumbo na kuimarishwa shokomzoba kwa sababu ya mashimo na mawe yetu. Ian Duncan, Mkenya, alishinda 1994 kwa Toyota Celica. Mbio hizo zilitoka katika ubingwa wa dunia baada ya 2002, zikarudi 2021, lakini huko Naivasha. Sisi wa Voi tumebaki na njia ya nyuma ya nyumba.

Siri yangu kubwa ni daftari. Nabadilisha kitu kimoja tu, nazunguka mara tano, rafiki yangu anapima kwa simu, naandika. Nilianza na sekunde 34 kwa mzunguko, nikafika 27. Pia naandika saa, maana jua la Voi la adhuhuri huyafanya mafuta kuwa mepesi. Asubuhi moja nilikwenda nalo Wundanyi kwa shangazi, kwenye baridi, likawa gumu kama gogo ingawa sikuwa nimegusa nati hata moja.

Desemba kaka akaja. Kabla hajanywa chai akalikandamiza lori kwa kiganja. Likapanda, likatulia. Akatabasamu. Nikaona heri niseme, nikamtolea ile mikono miwili iliyovunjika niliyokuwa nimeificha ndani ya soksi, na daftari. Alisoma kurasa zote kimya, mimi jasho linanitoka. Kisha akanyoosha mkono akaomba rimoti.

Kona ya kwanza tu, akalipindua.