Nani atakichaji kishikwambi?

Mradi wa teknolojia ukitajwa kwa ajili ya shule za vijijini kama zile za Sanga, upande wa Kamina, kwetu Congo, watu huuliza kwanza vitakuja vifaa vingapi. Mimi ningeuliza nani atavichaji, na mwalimu akikwama atamwita nani.

Kenya ilianza na wingi. Mwaka 2016 serikali ilianza kugawa vishikwambi kwa ajili ya darasa la kwanza, hata vikapita milioni moja. Shule nyingi zilipata umeme kwa sababu ya mpango huo, na hilo ni jema. Lakini vishikwambi vingi viliishia kabatini: wakuu wa shule waliogopa wezi, na walimu hawakuwa wameandaliwa vya kutosha.

Kabla ya hapo, PRIMR, mradi wa kuinua usomaji katika shule za msingi, ulikuwa umejaribu njia tatu huko Kisumu. Shule nyingine zilipewa visomeo vya kielektroniki vya wanafunzi, nyingine vishikwambi vya walimu, na kwingine kishikwambi alipewa mwalimu mshauri tu, yule anayezunguka shuleni, akaketi nyuma ya darasa na kumwelekeza mwenzake. Zote zilipata pia vitabu na mafunzo. Kote watoto walisoma vizuri zaidi, na njia hizo hazikuzidiana sana kwa matokeo. Zilizidiana kwa gharama, na ya mwalimu mshauri ndiyo iliyokuwa nafuu kuliko zote. Nashangaa kwamba matokeo haya hayatajwi kila mahali vishikwambi vinapojadiliwa.

Tanga, nchini Tanzania, nayo ina habari yake. Kuanzia mwishoni mwa 2017, shindano la Global Learning XPRIZE, la programu za kuwasaidia watoto kujifunza wenyewe, lilipeleka vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili katika vijiji takriban 170, kwa watoto wapatao 2,700 ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kwenda shule. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi yao ilikuwa imepungua kwa nusu. Chaji ilitoka kwenye jua, na kijijini palikuwa na mama aliyekabidhiwa kazi ya kuangalia vifaa. Kwangu mimi, huyo mama ni sehemu ya teknolojia sawa na betri.

Congo yetu ilifungua milango ya shule za msingi bila malipo Septemba 2019, na madarasa yakafurika. Machi 2020 korona ikayafunga, na masomo yakahamia redioni. Redio haidai intaneti, na betri zake hupatikana sokoni. Nayo pia huzaa matunda pale mtu mzima anapoketi na watoto, akauliza, akasahihisha.

Kwa hiyo kwa Sanga ningeanza na mkaguzi wa shule, azunguke kama yule mwalimu mshauri wa Kisumu: kishikwambi chake, paneli ya jua, na pikipiki yenye mafuta. Vya watoto vifuate. Programu za Tanga ziliachwa wazi kwa yeyote kuzitumia, na sheria ya elimu ya Congo ya 2014 inazikubali lugha za taifa darasani, Kiswahili kikiwamo. Ila mtoto wa Kamina huenda anazungumza Kiluba nyumbani, na Kiswahili chake ni cha Katanga. Walimu wa hapo wazipitie programu hizo neno kwa neno, wabadilishe panapohitaji, wakiwa wanalipwa kwa kazi hiyo, kabla katoni ya kwanza haijapakiwa kwenye treni Lubumbashi.